Mlio wa Jembe Bovu

Kabla sijashika kalamu nimeinjika maharage. Nasema mapema, ili ukikuta sentensi imekatika katikati ujue nimekwenda kuyatazama. Na nikikuta njiani kuku ametagia kwenye kapu la mbegu, basi sijui nitarudi lini. Daftari hili nililianza mvua za mwaka juzi. Kurasa zake nyingine zina habari za mbuzi kuharisha, sijui ziliingiaje humu.

Binti yangu ndiye aliyesema niandike. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi mjini. Walipelekwa semina wakafundishwa habari za watoto wasiotulia darasani, na aliporudi hakupitia kwake kwanza, alikuja moja kwa moja kwangu na begi lake, akakaa kwenye kigoda akaniuliza maswali kutoka kwenye karatasi. Je, unaanza kazi ukaiacha? Je, unapoteza vitu? Je, mtu akiongea nawe akili huondoka? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia sala. Alipofika katikati akaacha kuuliza, akakunja karatasi, akaanza kulia. Mimi nikatoka nje kumtazama mbuzi aliyekuwa amejifunga na kamba, na nadhani hilo nalo lilikuwa jibu.

Ameniandikia herufi nne juu ya daftari, ADHD. Anasema ndilo jina la hali yangu. Anasema, baba, andika ulivyoishi nayo, wapo wengine wanayo na hawajui, wakisoma labda watajifunza kuishi nayo vizuri. Nikamwambia mimi sikuishi nayo vizuri. Akasema andika hivyo hivyo.

Shule nilifika darasa la tatu. Sikufukuzwa, ieleweke. Mwalimu alinituma kuchota maji ya bustani yake, njiani nikakuta watu wanafukua panya buku shimoni, nikajiunga nao. Jua likazama. Kesho yake niliona haya kurudi na ndoo tupu. Keshokutwa haya zikaongezeka, na mtondo zikawa nyingi zaidi. Mpaka leo ndoo ya shule sijairudisha.

Baba yangu alinichapa kwa ajili ya ndoo, akanichapa kwa ajili ya ng'ombe walioingia kwenye mtama wa watu wakati mimi nachonga filimbi. Hakuwa mkali. Alinichapa kama mtu anayegonga redio iliyokatika sauti, anatumaini waya utakaa mahali pake. Alipoona haukai akaacha, na kule kuacha kwake kuliniuma kuliko fimbo.

Anayetaka kujua kichwani kukoje nimweleze hivi. Asubuhi ukifungua zizi, ng'ombe wote wanataka kutoka mara moja. Kwa watu wengine mlango ni mwembamba, wanatoka mmoja mmoja na unawahesabu. Kwangu mimi ua wote umeanguka. Kila wazo linatokea upande wake, na mimi namkimbilia ng'ombe niliyemwona mwisho.

Lakini palikuwepo mahali pamoja penye mlango, na habari yenyewe inaanzia hapo.

Ujana wetu huku tulilima kwa kikundi. Mwenye shamba anawaita, mnakwenda vijana ishirini, thelathini, na ngoma zenu, naye anawapikia. Wapiga ngoma wanasimama mbele. Ninyi mnajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, na majembe yanapanda na kushuka kwa mlio. Ukichelewa, jembe la jirani litakupata kidoleni. Ukiwahi, umeharibu mstari, utachekwa mpaka jioni. Mnalirusha jembe juu, linazunguka, mnalidaka, mnalishusha wote pamoja, na tuta linainuka mbele yenu kama kitu kilichokuwa kimelala. Bugobogobo. Siku hizi wanaicheza kwenye sherehe za serikali na majembe ya mbao, udongo haumo.

Katika mstari ule mimi nilikuwa mtu. Ngoma ilikuwa inasimama mlangoni mwa kichwa changu inawaruhusu ng'ombe mmoja mmoja. Sikuchoka, sikutazama ndege. Wenzangu walikuwa wananiweka upande wa mwisho, pale ambapo mstari hupinda kama mtu wake ni mlegevu, kwa sababu mimi sikupinda.

Mke wangu aliniona hapo. Baba yake, mzee mmoja wa Nkololo mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliita kikundi chetu kutoka huku kwetu upande wa Dutwa. Binti yake alileta maji. Baadaye alinisimulia kwamba alimwambia mama yake, yule wa mwisho kule hapumziki. Mama yake akasema, ana sura mbaya. Yeye akasema, "Sura hailimi, mayu."

Mahari ilitoka, akaja kwangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, alinipenda nikiwa kwenye mstari. Sikumdanganya. Ila nje ya mstari mimi simo, na hilo sikumwambia kwa sababu hata mimi nilikuwa sijalijua.

Halafu ikaja biashara huria. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na mzani wake mmoja, na foleni ndefu ambayo watu walichumbia humo. Sasa yakaja malori ya watu binafsi, kila moja na mzani wake. Mitumba ikajaa gulioni, na mimi nikanunua koti zito la baridi ambalo huku halina kazi. Sikatai, ilikuwa raha. Lakini kila mtu alitaka shamba lake liwe kubwa na liwahi, asingoje zamu ya kikundi. Wenye ng'ombe wakanunua plau. Vijana wakaenda machimbo ya dhahabu. Mpiga ngoma wetu mkubwa aliondoka na begi la mgongoni, akamwachia mama yake ngoma, na ngozi ilipopasuka yule mama akawa anahifadhia mtama ndani yake. Kikundi hakikuvunjwa na mtu yeyote. Siku moja tu hakikuitwa, na siku nyingine hakikuitwa.

Nikabaki na jembe langu na shamba langu na mke wangu, na kimya.

Msimu ule wa kwanza aliniletea uji shambani akakuta nimepalilia matuta manne upande wa mashariki, mawili katikati, na nusu tuta karibu na kichuguu. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya kichuguu nachimba kwa kijiti.

"Unafanya nini huko?"

"Namtafuta malkia wa mchwa."

"Na palizi?"

"Naendelea."

Alitazama shamba lile lenye viraka kama kichwa cha mtoto mwenye mashilingi, yaani mapunye. Alidhani ni uvivu. Halafu akaona kwamba sipumziki, nahangaika kutwa kuliko yeye, akadhani nimerogwa. Tulikwenda kwa mganga kule Zagayu, akasema babu mmoja upande wa mama anadai kukumbukwa, tukamkumbuka. Katekista naye akatuombea. Namshukuru kila mmoja. Magugu yakaimeza pamba.

Siku ya mzani, tulipokuwa tunarudi na magunia matupu, tena mengi, akasema bila kugeuka, "Nitakaa msimu mmoja mwingine. Ukiliacha shamba tena katikati, pamba ikishapimwa narudi kwetu. Sitagombana na wewe. Nitaondoka tu."

Hakuwa mtu wa maneno. Akisema kitu ni kama kimeshapigwa muhuri. Na mimi nilimtaka akae. Niliandike wazi, kwa kuwa huku kwetu mwanamume hasemi hivyo. Sikumtaka kwa kupika wala kulima. Nilitaka awepo.

Msimu uliofuata, katika palizi ya kwanza, mpini wa jembe lake ulilegea. Akakaa pembeni akawa anaugongea kwenye jiwe, ko, ko, ko, pole pole, maana mti ulikuwa mkaidi. Mimi nilikuwa kwenye tuta langu. Alipomaliza kugonga nikasimama nikaanza kumtazama mwewe. Akaniita.

"Umeona ulipofika?"

Nikageuka. Nilikuwa nimemaliza tuta zima, kutoka njiani mpaka kwenye mkonge. Akanitazama, akatazama jiwe. Akagonga tena, ingawa mpini ulikuwa umeshakaa. Mikono yangu ikaanza kulima.

Kesho yake akaja na jembe bovu, lile lililokwisha mpaka likawa kama kijiko, akalitundika kwenye miti miwili, akashika bolti ya plau akawa analigonga. Mlio wake ulifika mbali. Nililima kama niko kwenye mstari wa watu thelathini, na mstari wenyewe nilikuwa peke yangu.

Jirani mmoja, mtu wa masihara, alipita na baiskeli akasimama.

"Mwadila, mayu. Naona umefuga nyani wa kulima."

"Mwadila, baba. Huyu nyani ana matuta kumi tangu asubuhi. Wewe mtu una mangapi?"

Yule akacheka akapanda baiskeli yake. Lakini habari ilisambaa, na gulioni watu waligonga chupa za soda nikipita. Sikujali. Nilikuwa namaliza. Hujui utamu wa kumaliza wewe unayemaliza kila siku.

Ila nieleze gharama yake, maana binti yangu anasema niandike yote. Akigonga, halimi. Akilima, hagongi. Kwa hiyo watu wawili tulikuwa jembe moja. Kazi yake mwenyewe, mtama, karanga, kuni, maji, aliifanya kabla jua halijapanda na baada ya kushuka. Na alikuwa mjamzito, tumbo limeshatoka. Katika palizi ya tatu kifundo cha mkono kilivimba. Akahamishia bolti mkono wa kushoto. Mchana mmoja mlio ukakatika, nikainua kichwa, nikamkuta amekaa chini na mikono mapajani.

"Mimi siyo ngoma, baba," akasema.

"Msimu ujao nitakuwa nimezoea," nikamjibu. "Nitalima mwenyewe."

Niliamini kabisa. Mtu mwenye kichwa changu siku zote anaamini msimu ujao.

Nilijaribu kugonga mwenyewe. Mikono ni miwili na jembe linataka yote. Nilijaribu redio, lakini redio inasema maneno, na nikisikia neno naondoka nalo. Nilijaribu kuimba, nikawa nasahau mstari unaofuata, nasimama kuukumbuka. Mlio ulitakiwa utoke kwa mtu mwingine, ambaye yeye mwenyewe hawezi kuchoka wala kuondoka, na mtu wa hivyo hajazaliwa.

Pamba ya mwaka ule ilijaa. Mke wangu alijifungua binti, huyu mwalimu, na alipompeleka kwao Nkololo kumwonyesha, akamwambia baba yake kwamba mumewe siku hizi anamaliza. Mzee akafurahi kwa namna yake. Akatukopesha madume wawili wa plau, weusi, wazoefu, wanaojua mwisho wa mfereji bila kuambiwa. Plau yenyewe tulinunua kwa fedha ya pamba. Mke wangu aliwaswaga mwenyewe mpaka kwetu. Akawafunga, akanigeukia.

"Nimekusifia kwa baba. Usinifanye mwongo."

Maharage yameungua. Nimeyaondoa, sufuria nimeiloweka. Niendelee, maana nikikatisha hapa sitarudi.

Plau siyo jembe. Madume wa plau hawapendi chuma kigongwe, wanashtuka. Kwa hiyo mke wangu alitangulia mbele yao na mtoto mgongoni, anawaongoza, mimi nashika plau, na mwendo wake ule, mgongo wake ule mbele yangu, ukanitosha. Tulilima hivyo siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa siku ya kliniki, mtoto kupimwa uzito. Akaniambia, "Lima mpaka kwenye kichuguu tu. Ukifika hapo wafungue, wapeleke majini. Usifanye kingine chochote."

"Sawa."

"Sema nitafanya nini."

"Nalima mpaka kichuguu, nafungua, napeleka majini."

Akaenda. Nikalima mifereji mitatu, imenyooka. Wa nne, bolti ya plau ikalegea. Nikasema siwezi kuendelea hivi, nitawaumiza ng'ombe wa mkwe, ngoja nifuate spana nyumbani. Dakika chache tu, kwa hiyo nikawaacha na nira shingoni. Nyumbani spana nikaiona, iko chini ya kitanda, na nilipoinama nikaona mguu wa kitanda umepasuka. Mke wangu alikuwa ameusema mguu ule mara nyingi. Nikasema leo nitamfurahisha. Msumari hakuna. Nikachukua baiskeli mpaka Dutwa kwa fundi baiskeli, msumari wa bure. Fundi hayupo, yuko kwenye mashine mpya ya kusaga, mali ya mfanyabiashara mmoja aliyekuja na biashara huria. Imegoma tangu jana. Nikaenda kumfuata.

Pale nikakuta watu saba wameizunguka mashine. Wanavuta, inakohoa, inakufa. Nikasikiliza. Mimi na kitu chenye mlio tunaelewana. Nikawaambia tatizo siyo injini, mkanda umekaa upande, unaibana. Wakacheka, yule fundi akasema tujaribu. Tukafungua, tukasogeza, tukafunga, ikakataa, tukafungua tena. Halafu ikawaka. Ikanguruma ile ngurumo ya kulingana, tu-tu-tu-tu, na mimi nikasimama mbele yake kama nimerudi ujanani. Wanawake waliokuwa wamekaa na mahindi yao tangu asubuhi wakapiga vigelegele. Mwenye mashine akaninunulia soda ya machungwa. Akasema, "Huyu mtu ana akili, alikuwa wapi siku zote?"

Nilikuwa nusu ya chupa nilipowakumbuka ng'ombe.

Jua lilikuwa limeshapinda kuelekea jioni. Nilikanyaga ile baiskeli mpaka miguu ikakosa nguvu. Nilipofika, mke wangu alikuwa ameshafika, mtoto mgongoni, anakata kamba za nira kwa kisu cha jikoni. Dume mmoja alikuwa ameanguka. Walipochoka kusimama juani walivuta kwenda majini, plau ikashika mzizi, huyu akajikwaa, na mwenzake aliendelea kuvuta. Shingo ilikuwa imegeuka chini ya nira. Alikuwa anapumua bado. Ulimi umejaa udongo.

Mke wangu hakunitazama. Alinipa kisu, kwa sababu kuchinja ni kazi ya mwanamume.

Mzee alikuja siku ya pili yake. Kwetu mtu na mkwewe hawakaribiani wala hawatazamani usoni. Yeye alisimama upande wa pili wa ghala la mahindi, mimi upande huu, na mke wangu akasimama pembeni, maneno yanapita kwake, ingawa kila mmoja wetu anamsikia mwenzake vizuri.

"Muulize mumeo kama alikuwa amelewa."

"Baba anauliza kama ulikuwa umelewa."

"Mwambie hapana."

"Muulize kama kuna mwanamke Dutwa."

"Hakuna."

"Muulize kama anaumwa."

Nilijitazama mwili wangu, hauna homa, hauna kidonda. Nikasema hapana. Ningekuwa nimelewa angenielewa, yeye mwenyewe zamani alikuwa anakunywa. Ningekuwa na mwanamke angenielewa. Herufi zile nne zilikuja zikiwa zimechelewa miaka mingi, na hata zingekuwepo sijui kama mzee angezipokea kama malipo ya dume wake mweusi.

"Sasa muulize alikwenda wapi."

"Nilikwenda kuchukua spana," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee alisimama kidogo, nikasikia fimbo yake inachora chini. Akamwambia binti yake, "Dume aliyebaki naondoka naye. Wewe unajua njia ya nyumbani." Akaenda. Nyama hakuonja.

Nilidhani mke wangu ataondoka na baba yake siku ile. Hakuondoka. Alikuwa amesema pamba ikishapimwa, na yeye ni mtu anayemaliza. Alilima kwa jembe la mkono kile kipande kilichobaki. Alipanda, alipalilia mara tatu. Mimi nilikuwepo, nililima viraka vyangu. Jembe bovu lilikuwa limetundikwa pale pale kwenye miti yake, na hakuligonga tena, wala mimi sikumwomba. Hakuninunia. Chakula alipika, mtoto alinipa nimshike. Alikuwa mpole kwangu kama mtu alivyo mpole kwa mgeni ambaye amebakiza siku chache.

Wakati wa kuchambua pamba tulikaa ukumbini tukiitenganisha, safi upande huu, fifi, ile yenye madoa na taka, upande huu. Wanunuzi wa malori hawakuuliza tena habari ya fifi, watu walichanganya yote, wengine walitia mchanga. Nikamwambia, siku hizi hawatazami. Akasema, "Mimi natazama." Tukaendelea kuchambua. Nilikuwa nikisahau, naitia safi kwenye rundo la fifi, naye ananyoosha mkono anaitoa.

Binti yangu anataka nieleze nilichojifunza, kwa faida ya wengine. Haya. Nalima kipande kidogo kama uwanja wa kupuria, nikikimaliza ndipo nakitazama kingine. Spana nilijifunza kuifunga kwenye plau yenyewe, ingawa plau nilishaiuza. Nina jembe moja, sufuria moja, mlango mmoja. Sikubali kufuga ng'ombe, na kwa Msukuma hilo ni kama kusema sikubali kuwa na jina. Nafuga mbuzi, kwa sababu mbuzi anayejali nafsi yake atarudi mwenyewe. Kila ninachoweza kukiharibu nimekipunguza, mpaka maisha yamekuwa madogo kiasi cha kutosha kichwa changu. Sifi njaa. Kama huko ndiko kuishi vizuri, basi nimejifunza. Binti yangu alisoma hapa akasema, "Baba, malizia na kitu cha kutia moyo." Nimetafuta.

Nitamalizia na ilivyokuwa.

Pamba ilipimwa siku ya gulio. Asubuhi yake mke wangu alifunga furushi. Mambo ya mahari wazee waliyamaliza wenyewe baadaye, siyaelezi. Mimi nikasema nitamsindikiza, kwa sababu mtu husindikizwa. Nikafunga furushi lake kwenye keria ya baiskeli, nikawa nasukuma, yeye anatembea kando na mtoto mgongoni.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatunga siku tatu, na kwangu mimi siku tatu kwenye jambo moja haijawahi kutokea kabla wala baada. Nilitaka kumwambia akae. Kwamba tutalima kipande kidogo, kile anachoweza kugonga bila mkono kuvimba, na kilichobaki tuwape watu walime. Kwamba kumaliza kote nilikomaliza maishani kulikuwa mbele ya macho yake. Nilijua ni mahali gani nitayasema, tukishavuka korongo, penye mchanga, ambapo watu hupumzika.

Naye alitembea pole pole. Huyu mwanamke alikuwa na mwendo wa kukuacha nyuma, siku zote mimi ndiye niliyekuwa nakimbilia. Siku ile alitembea kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Niliona. Sitaki mtu aseme sikuona.

Tukavuka korongo. Kwenye mchanga pale alikuwepo mtu, baiskeli yake ameipindua, magurudumu juu, cheni imemtoka na imekaza, mikono imejaa grisi. Akatusalimu, tukaitikia. Nikamwambia, unaivuta vibaya, anzia gia ya nyuma. Akasema amejaribu. Nikaegemeza baiskeli yangu kwenye kichaka nikainama. Ilikuwa jambo dogo, kipande cha cheni kimejikunja, kinahitaji kunyooshwa kwa jiwe. Nikatafuta jiwe. Nikagonga, ko, ko, ko. Kikakataa. Nikakigeuza, nikagonga tena.

Cheni ikashika. Yule mtu akazungusha pedeli kwa mkono, gurudumu likaenda vizuri, halina kelele.

"Wabeja sana, baba," akasema. "Una mkono mzuri."

Nikainua kichwa. Baiskeli yangu ilikuwa pale pale kwenye kichaka, na keria ilikuwa tupu. Furushi alikuwa amelifungua mwenyewe, akajitwika. Kamba alikuwa ameikunja vizuri, akaiacha imekaa juu ya keria. Barabara ya Nkololo pale inapinda kuelekea mashamba ya watu, na kwenye kona hapakuwa na mtu.

Nilikuwa na baiskeli. Yeye alikuwa kwa miguu, na mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Ningemfikia kabla hajafika popote. Nikasema ngoja kwanza niyakumbuke yale maneno, nimfikie nikiwa nayo. Nikasimama pale mchangani nikiyatafuta.